Sinapati na Nyumba Isiyo na Ngazi

Marehemu Sinapati Faoliu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 hapa Lepuala, kisiwani Savai'i, mtoto wa tatu wa fundi Faoliu na mama Melesete. Alisoma shule ya misheni mpaka 1966. Walimu walisema ni mbishi, na hawakukosea.

Mwaka 1974 alienda Auckland, akafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huko ndiko alikojua mlango unaopitisha kiti cha magurudumu, choo chenye vyuma vya kushikilia, sakafu isiyoteleza. Tarehe 4 Desemba 1976 alifunga ndoa na Pelenato, dereva wa lori aliyekuwa akimwita "Bosi" mpaka kanisani.

Walirudi 2011. Pelenato akateleza kwenye ngazi za jukwaa la mawe lililoinua nyumba yao, akavunja nyonga, hakusimama tena mpaka anafariki 2013. Tangu hapo Sinapati hakuwa na raha. Mvua ikinyesha tu, anapiga kelele kwa majirani: "Nani kateleza?"

Akawabana akina mama wa kamati ya kijiji wajenge nyumba nne za wazee. Alizichora chini kabisa, usawa wa barabara, bila ngazi. Hapo alichemsha. Kwetu jukwaa ndiyo heshima ya mtu. Chifu Taliau, magoti yamekufa, kwake anapanda kwa kutambaa, akamwambia mbele ya watu: "We mama, unataka nilale chini kama nguruwe wako?"

"Nguruwe wangu hatambai, mheshimiwa."

Watu walicheka. Sinapati hakucheka. Akasema, "Basi nyumba hatuishushi. Tunapandisha ardhi." Wakamwaga mawe na kifusi, wakafanya mteremko mpole kutoka barabarani mpaka mlangoni, nyumba ya kwanza ikakaa juu sawasawa na ya chifu. Taliau bado akagoma kuhamia.

Moyo ulianza kumsumbua Sinapati Novemba 2023. Hospitalini alimuuliza binti yake Mareta, "Taliau kahamia?"

"Bado, mama."

"Anatambaa?"

"Anatambaa."

"Na mvua?"

"Inanyesha."

Alifariki tarehe 2 Februari 2024, na hofu yake ileile. Inauma, na anayejijua anajijua.

Jeneza lake limelazwa kwenye nyumba hiyo ya kwanza. Leo asubuhi Taliau kaja na kiti cha magurudumu, kakataa kusukumwa, kapanda mteremko mwenyewe mpaka kwenye jeneza. "Sinapati," akasema, "mkeka wangu wa kulalia wanauleta. Acha kuhangaika."

Sinapati ameacha watoto wawili, Mareta na Iosua, wajukuu saba, na nyumba tatu ambazo hazijaezekwa.

Lala, Bosi. Mvua ikinyesha, tutauliza sisi.