Eda Niliyomkalisha Khairat

Tahir, funga mlango wa uani, na hiyo simu yako izime kabisa, usiiache itetemeke mfukoni ukadhani sisikii, maana masikio ndiyo kitu pekee kilichobaki kizima kwangu. Wakil, njoo ukae huku mbele nikuone uso. Sheikh Mbarouk na Mzee Machano wapeni viti, hao nimewaita wawe mashahidi, hawakuja kunywa kahawa. Na wewe Khairat wacha kunihesabia mapigo. Yahesabu utakavyoyahesabu, hayaongezeki. Leo Alhamisi, akili bado ninayo na ulimi haujawa mzito sana, basi nisikilizeni wanangu watatu, na asinikate mtu kauli mpaka nimalize, kwa kuwa nikikatwa sitajua pa kurudia.

Nianze na mali, kwa sababu nnajua kuna watu humu hawatanisikia jengine lolote mpaka wasikie mali. Nyumba hii ya Jang'ombe igaweni kwa sharia, fungu la mwanamme kama lilivyo na la mwanamke kama lilivyo, sina neno. Lakini shamba la Kidichi, lile la mikarafuu na midalasini nililorithi kwa mama yangu, halimo katika mgao wenu. Nimeliusia kwa Ilham, mtoto wa Khairat. Sharia hainipi ruhusa kumuusia mrithi, na mjukuu si mrithi wangu maadamu nyie mpo. Mzee Machano kalipima na Sheikh kapiga hesabu, halikufika thuluthi ya nilichonacho, ndiyo mpaka wa wasia. Mavuno yake yatamlea Ilham miaka yote ambayo mama yake atakuwa chuoni bara. Wakil, usikohoe. Yule mtu wako anayetaka kujenga nyumba za watalii pale, kamwambie atafute pengine.

Hoo, sasa mnatazamana. Mnajiuliza bibi kizee kapata wapi jeuri hii. Nimeipata kwenye aibu, wanangu, na aibu hiyo nimeibeba miaka tisa.

Nyie wanaume wawili mlisomeshwa kwa shangwe. Tahir ulipopata chuo kikuu tulisoma maulidi hapa uani, nikapika biriani masufuria mawili, majirani wakala wakabeba. Shahada yako ile pale ukutani ndani ya kioo, na wewe mwenyewe mpaka leo unashinda kwenye duka la simu la rafiki yako. Sikulaumu, kazi hakuna, lakini kaa ukijua kioo kile anayekipangusa vumbi ni mimi. Khairat alipomaliza kidato cha nne na alama nzuri za bailojia na kemia, alisema haendi kidato cha tano, anakwenda chuo cha afya kuchukua diploma ya utabibu miaka mitatu, kisha kwa diploma hiyo hiyo ataomba shahada ya udaktari. Akatueleza humu humu, karatasi mkononi, kuwa mwenye diploma yenye wastani mzuri huingia chuo kikuu sawa na aliyetoka kidato cha sita, tena yeye anaingia keshajua kumshika mgonjwa. Nani alimsikiliza? Wakil ulicheka, ukasema diploma ya afya ni ya waliofeli, anakwenda kusomea kuchoma sindano. Na mimi nlicheka. Kwake hakukusomwa maulidi wala hakukupikwa hata chai ya maziwa. Siku ya kuripoti alilibeba godoro lake mwenyewe mpaka dakhalia, bwenini kwao.

Aliyemsikiliza alikuwa Munir, Mungu amrehemu. Sheikh, wewe humjui. Alikuwa kijana wa Malindi hapa mjini, mpakuaji wa mizigo bandarini, hakusoma sana, lakini alipomuoa alikuwa akimshikia daftari akimuuliza majina ya mifupa, anayatamka vibaya vibaya mpaka wanacheka wote wawili wanatokwa na machozi. Mtu huyo alimuamini mkewe kuliko tulivyomuamini siye wa damu yake. Khairat kamaliza diploma kwa wastani wa juu, kapata kazi kituo cha afya huko shamba, kusini, Ilham kazaliwa, na siku moja wakakaa mke na mume wakajaza maombi ya chuo kikuu. Kabla majibu hayajatoka Munir akapata ajali na vespa yake, akafa papo hapo.

Sasa haya ndiyo niliyowaitia, na sijapata kuyatamka mbele ya kiumbe. Khairat alirudi hapa kukaa eda ya mumewe, miezi minne na siku kumi, na mimi ndiye niliyemkalisha. Nlimkalisha hasa. Vioo nikavifunika kanga, dirisha la njiani nikalitia pazia zito, sauti ya mwanamme asiye maharimu haikupita kizingiti, na simu nikamnyang'anya, nikaizima, nikaitia kashani chini ya nguo zangu, nikamwambia kizuka, mwanamke aliye edani, hashiki simu. Hakubisha. Mtu ana miaka ishirini na tano kafiwa na mume, mtoto wa miaka miwili yuko mapajani, atabisha kwa nguvu gani?

Wiki ya sita akaja Shadya, mwenzake wa chuo, na sare yake ya kazi, jasho linamchuruzika. Nikamzuia mlangoni. Akasema, "Shikamoo Bi Maisara, majina yametoka, Khairat kachaguliwa vyuo viwili, udaktari! Anatakiwa athibitishe kimoja, namba ya siri imetumwa kwenye simu yake, na mwisho ni Jumamosi." Nikamwambia kizuka hashiki simu. Akasema, "Bi, hatazungumza na mtu, ni namba tu, niwashie simu dakika tano nimfanyie mimi mwenyewe." Mtoto wa watu alinipigia magoti pale kwenye ngazi. Nikamwambia anisalimie mama yake, nikafunga mlango. Ijumaa akarudi, akabisha hodi mpaka akachoka, sikufungua. Khairat alikuwa chumba cha ndani anasoma Yasini, hana habari. Na wewe Wakil ulikuwa barazani, ulisikia neno kwa neno, ukaingia ukaniambia, "Umefanya vizuri, mama. Mjane akalale dakhalia huko bara, watu watasema nini?" Usitikise kichwa. Ulisema, na mimi nikafurahi kupata mtu wa kunipa haki.

Eda ilipokwisha akaoga, akavaa, nikampa simu yake akaiwasha. Ujumbe ukaanza kuingia mmoja juu ya mwengine, mlio hauishi, naye anasoma amesimama. Mimi nlikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi, nikaendelea kukuna. Nlikuwa nangojea anipigie kelele, aivunje simu ukutani, anitukane hata, mama hutukanwa akitenda la kutukaniwa. Akaniuliza swali moja tu: "Mama, Shadya alikuja?" Nikamjibu hakuja mtu. Wallahi hivyo ndivyo nilivyomjibu, na Shadya keshamwandikia kila kitu kwenye simu ile ile aliyoishika. Akasema, "Haya, mama." Kesho yake akapanda gari ya shamba akarudi kazini.

Miaka tisa hajanitolea neno la jambo lile. Kila mwezi huja, akanipima presha, akanipangia dawa za asubuhi na za jioni, akanikata kucha za miguu. Hamjui nyie inavyouma kukatwa kucha na mtu uliyemdanganya, naye anajua umemdanganya, na anakata taratibu asikuumize.

Baadaye nikamuuliza Sheikh Mbarouk darsani, nikajifanya nauliza kwa ajili ya mtu mwengine. Sheikh, unakumbuka? Ulinijibu kuwa mwenye eda hutoka mchana kwa haja yake, hata kazini akilazimika, kisha akarudi kulala kwake. Nilipokutajia simu ulishangaa, ukauliza nani aliyetufundisha hilo. Nikasema tumelikuta kwa mama zetu. Mama yangu kafa simu hajaiona!

Lakini msije mkanisitiri kwa ujinga. Ujinga ungekuwa nafuu. Nlipomtazama Shadya pale kwenye ngazi nlijua vyema kuwa namba ya siri haina dhambi. Nlichokiona mbele yangu ni miaka mitano Khairat hayupo, na mimi nimebaki na nyie wawili, mmoja haji ila sikukuu na mwengine haji ila ana shida yake. Nlitaka pabaki mtu wa kuniuguza. Basi nimempata, kaniuguza. Mwezi mzima huu kaitumia likizo yake kunigeuza na kunilisha, na nyie hata panadoli hamjaleta. Nlichokiiba nimekila chote, na sikukisikia ladha.

Na yeye huko kusini mnadhani anakaa raha? Mgonjwa akimfikia mahututi, diploma yake imewekewa mpaka, anaandika rufaa, mgonjwa anapakiwa kwenye gari mpaka mjini, na wapo wanaofia njiani. Mwaka juzi alikuja hapa kakaa kwenye ngazi hataki hata maji. Mzazi mmoja, mwanamke wa kujifungua, alimfia hivyo. Akanambia, "Mama, nlijua kinachotakiwa kufanywa. Siruhusiwi tu kukifanya." Nikaingia jikoni, nikajifungia.

Mwaka huu kaomba chuo kwa mara ya tatu tokea eda ile. Mara mbili za nyuma walimnyima, waombaji wengi, nafasi chache. Safari hii kapata, keshathibitisha, na chuo kinafunguliwa Jumatatu. Hakunambia yeye, kanambia Ilham. Na jana, mkidhani nimelala, nimemsikia akimwambia Shadya kwenye simu kuwa haendi, hali ya mama ni mbaya, ataomba tena mwakani. Mwakani! Khairat, inua uso unitazame. Mara ya kwanza nlikuzuia kwa hila, mara hii unataka nikuzuie kwa kufa?

Jumapili unapanda boti ya asubuhi. Nikiwa hai unaniacha hai, nikiwa maiti unaniacha maiti, na nikiwa nakata roho saa hiyo, watakaonitilia maji mdomoni wapo. Nnajua umeshapanga kuniosha kwa mkono wako. Sitaki. Waosha maiti mtaani hawajesha, sanda ninayo kashani, hakuna kinachokusubiri wewe. Wakil, begi lake utalibeba wewe, mpaka bandarini, na utasimama pale mpaka boti iondoke. Tahir, Ilham anakaa kwako na mkeo, na skuli asikose hata siku moja. Atakayemzuia Khairat kwa matanga yangu, au kwa khitma yangu, au kwa maneno ya watu, radhi yangu hana, duniani wala akhera. Sheikh, wewe ndiye wasii wangu, liandike hilo kama nilivyolitamka, usilipunguze makali.

Nipeni maji. Kidogo... Basi.

Khairat, radhi yangu unayo tokea nlipokuzaa. Yako ndiyo sina. Nnakuomba mbele ya hawa... unisamehe. Unalia. Unataka kusema umenisamehe. Nyamaza, usiseme! Mtu anayekufa husamehewa na kila mtu, na msamaha wa kuhurumiwa mimi siutaki. Kasome kwanza. Siku utakayomshika mgonjwa ambaye leo ungemwandikia rufaa, ukamtibu, akenda zake kwa miguu yake, siku hiyo jiulize kama roho yako imeniwia radhi. Ikiwa imeniwia, nisomee Fatiha. Ikiwa haijaniwia... basi, yangu nitayajibu mwenyewe huko niendako.

Ulimi unakuwa mzito. Sogeeni... wote watatu. Mungu awape kuoneana haya, msije mkafikishana mahakamani kwa sababu ya kuta hizi. Tahir, Mungu akupe kazi. Wakil... Mungu akupe moyo wa kuumia na mwenzio. Khairat, Mungu akufungulie... kila nilichokufungia.

Ondoka sasa, kafunge begi. Nenda, usingoje nilale. Na huko mtaani... wakikuuliza mtoto gani wewe, mama yako kafa hata matanga hukumkalia... waambie... mama kanikalisha eda ya mume wangu... na juu yake miaka tisa. Waambie... ndiyo matanga yake yale. Nshayakaa.