Msumeno Niliovuta na Mke wa Mwanangu

Bwana asifiwe, watu wa Mungu. Na ninyi mliokaa karibu na mlango itikieni pia, hamkuja kuchungulia mvua. Bwana asifiwe.

Mimi ni mtu wa Bokoli, na kazi yangu ilikuwa kukata miti. Si kuni, tafadhali. Kuni hukatwa na yeyote. Mimi nilikata ile ambayo wengine waliikimbia: mkaratusi ulioinamia paa la mzungu, mtarakwa mkavu kando ya ghala la mahindi. Kuanzia Kitale mpaka mashamba ya Kwanza walinijua. Nilikuwa na misumeno miwili ya kushikwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, na mashoka, na kabari za chuma, na kamba nene za katani ambazo nililala nazo chumbani ili panya wasizile.

Mzungu akiuliza bei, sikutazama unene wa mti. Nilitazama kilicho chini yake. Mti ukiwa katikati ya shamba, bei ni ya mti. Ukiwa juu ya nyumba, bei ni ya nyumba. Walinung'unika, ati huyu mzee ni mwizi, halafu wakalipa, kwa sababu walikwisha kuona paa lililopigwa na mkaratusi linavyokaa.

Mungu sikumjua. Jumapili ninyi mkiimba, mimi nilikuwa nanoa meno ya msumeno, na nikiwasikia nilinoa kwa nguvu zaidi.

Ndugu zangu, vita vile vikubwa vilipokuja, vijana wangu wa kazi walichukuliwa mmoja baada ya mwingine. Mwanangu Wekesa, ambaye ndiye aliyekuwa akipanda juu kufunga kamba, akaenda pia, akamwacha mkewe Nasimiyu na mimba changa. Nikabaki na Barasa peke yake, rafiki yangu tangu tulipotahiriwa mwaka mmoja. Watu wawili si kikosi, lakini tumbo halijui vita. Tukachukua kazi ya kuangusha mikaratusi kwenye mteremko mmoja kule Kwanza, tukajenga kibanda hapo hapo shambani. Mke wangu alikuwa amefariki, kwa hiyo Nasimiyu ndiye aliyekuja kutupikia.

Hapa niwaeleze ndugu zetu mliotoka upande wa Mlima Kenya, kwa sababu sisi Wabukusu tunalijua. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono. Hawakai karibu, hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima. Nasimiyu akileta chakula alikiweka juu ya kisiki, akakohoa, akaenda zake, ndipo mimi nikasogea. Na wazee wangu waliniambia tangu zamani kwamba nikimgusa, laana haitanipata mimi. Itaingia tumboni mwake. Niliamini hivyo kabisa, kama ninavyoamini kwamba moto unachoma.

Siku hiyo mti mmoja ulianguka vibaya. Ulikwenda nusu ya njia ukakamatwa na matawi ya mwenzake, ukabaki umening'inia. Mti wa namna hiyo haupitiwi chini. Unafungwa kamba, unavutwa na watu wengi kutoka mbali. Watu wengi tungewatoa wapi? Tukaingia chini, mimi na Barasa, kukata ule uliouzuia.

Ule ulioning'inia ulishuka ukijizungusha. Kitako cha mti kikaruka nyuma kikampiga Barasa kifuani, akafa hapo hapo, hata jina langu hakuita. Mimi tawi moja nene likanibana paja chini. Sikusikia maumivu mara moja. Nilimwangalia Barasa nikamwambia aamke tutoke. Nilimwambia hivyo mara nyingi.

Mvua ikaanza. Lile shina zima lilikuwa juu yangu kwenye mteremko, limezuiwa na kisiki kimoja tu, na udongo ukilowa nilisikia linasogea. Likisogea kidogo, tawi linaingia zaidi kwenye nyama. Nikajua likiachia kile kisiki litanipitia.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa. Ni Nasimiyu, ameleta chakula. Ameweka chungu, anageuka kwenda. Ndugu zangu, nilinyamaza. Nilifikiri nikimwita atakuja, na akija atanigusa, na yule mtoto wa Wekesa atakufa. Wekesa mwenyewe yuko vitani, nani anajua kama atarudi? Afadhali mimi mzee. Nikauma shati langu ninyamaze. Lakini shina likasogea tena, nikapiga kelele kama mbuzi.

Akaja mbio. Akamwona Barasa, akaniona mimi. Nikamwambia, "Mama, simama hapo. Nenda ukaite watu." Akasema, "Watu wako mbali, Baba. Nikienda nitarudi nikute maiti mbili." Nikamwambia simama hapo, usinisogelee, una mtoto tumboni. Nilimtukana hata, mnisamehe. Akajibu kwa sauti ndogo, "Mtoto huyu nimemweka mikononi mwa Mungu tangu siku ya kwanza. Na wewe nakuweka huko huko." Akapiga magoti kwenye matope akaomba, maneno machache tu, maana hatukuwa na muda. Akainuka akaokota msumeno.

Msumeno ule ukishikwa na mmoja unapinda. Unataka wawili. Akaupitisha juu ya tawi, akaweka mshikio wake mmoja mkononi mwangu, akashika ule mwingine, akapiga magoti mbele yangu. Tukavuta. Mimi nimelala chali, yeye ananitazama usoni, mimi namtazama. Sikuwahi kuuona uso wake vizuri tangu aolewe. Kila nilipolegea alisema, "Vuta, Baba." Mimi, niliyefundisha watu kazi hiyo, nikafundishwa kuvuta.

Tawi likakatika. Akakiinua kipande kilichonibana kwa mti mwembamba, akanishika makwapani, akaniburuta kwa mikono yake miwili na tumbo lake lile. Tukiwa kando tu, kisiki kikang'oka. Shina likapita mahali nilipolala, likamchukua na Barasa likashuka naye mpaka chini mtoni.

Hospitalini Kitale mguu walikata. Mnauona hapa, au tuseme hamuuoni. Nikiwa kitandani nikamwambia Mungu, ukimlinda mtoto huyu mimi ni wako. Nilipanga hivyo kama mtu anayepatana bei na mzungu. Mtoto akazaliwa mzima, wa kiume. Baada ya majuma machache, homa ikamchukua.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu mngetaka niruke. Siku tunamzika watu wa ukoo walisema wazi: si tulijua? Alimshika baba mkwe, ameua mtoto. Arudi kwao Chwele kabla hajaua wengine. Na mimi ndani ya moyo nilikuwa nasema hivyo hivyo. Nilisema Mungu amenidanganya. Nasimiyu hakubisha. Alifunga nguo zake kwenye leso, akaanza kutembea, maziwa yanamlowesha nguo kifuani.

Nikamtazama mgongo. Nikakumbuka alijua atasemwa hivi, akashika msumeno. Alijua yote, na bado akaja. Na Mungu niliyetaka kupatana naye bei hakuniuliza bei. Alinitoa tu. Sijui kwa nini hakutuachia mtoto. Sijui mpaka leo, na atakayeniambia anajua nitamwambia akae chini. Lakini ile hofu ikanitoka pale, yote. Nikamfuata na magongo, nikaanguka, nikainuka, nikamfikia, nikamshika mkono mbele ya ukoo mzima. Nikasema, huyu ni binti yangu, na anayemfukuza anifukuze na mimi. Walituachia nafasi pande zote kama wenye ukoma. Tukarudi nyumbani hivyo, tumeshikana. Wekesa alipotoka vitani alimkuta mkewe kwake.

Ndugu zangu, sikuwaletea habari ya mguu uliomea. Barasa hakufufuka, na mjukuu wangu yuko udongoni Bokoli. Huzuni bado ninayo. Ila siogopi tena. Kama yuko hapa ambaye ameogopeshwa hata mkono wa kumwokoa anaukataa, na auchukue leo, asingoje tawi lizame kwenye nyama. Mungu atakuja kwa mkono wa mtu ambaye hukumtaka akuguse.

Namshukuru Yesu. Nimesimama muda mrefu, mguu huu mmoja umechoka. Nasimiyu, mama, njoo unishike.