Dada Niliyemwonea Kijicho

Ndugu waombolezaji, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa pekee, kuwasomea maisha ya dada yangu, ambaye ninyi mlimwita Mama Mizani, kwa sababu mizani ya duka lake haikuwahi kumpunja mtu.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1954, kifungua mimba wa baba mpiga chapa na mama mkunga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1968, akaajiriwa kupima sukari katika duka la jumla, na tarehe 11 Juni 1977 akafunga ndoa na seremala, shemeji yangu huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1981 alifungua duka lake mwenyewe, wateja wakajaa, nami mwaka uliofuata nikafungua langu ng'ambo ya barabara, nikidai natafuta riziki, kumbe ni kijicho tu, na duka lile halikumaliza miaka miwili.

Tarehe 9 Agosti 2003, yeye na familia yake waliikabidhi zahanati wodi ya wazazi, yenye vitanda kumi na viwili, milango amechonga shemeji, mashuka wameshona mabinti, mji mzima ukaenda kushangilia, mimi nikabaki nyumbani nafua nguo zilizokwisha kuwa safi.

Januari 2021 alipatikana na saratani ya ini, nikahamia kwake kumuuguza, na asubuhi moja nikimchana nywele nikashindwa kujizuia, nikamwambia, "Dada, nimekuonea wivu maisha yangu yote."

Akacheka hadi akakohoa. "Wewe umeanza juzi," akasema. "Mimi nilianza siku uliyozaliwa, niliposhushwa mgongoni kwa mama ukapandishwa wewe."

Kisha akaagiza historia yake niisome mimi, kwa kuwa wengine mngemsifu kupita kiasi. Alifariki tarehe 22 Oktoba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kutupikia, na wafanyakazi wenzake wa dukani, ambao hawajalala usingizi wa kutosha wiki nzima. Nawaona mmejaa hadi barabarani, kila mmoja analia kana kwamba dada ni wake, na mniwie radhi, hata sasa nawaonea wivu, maana mimi sikuwa na dada mwingine.

Tangulia kwa amani, dada. Safari hii sishindani nawe.