Shahidi wa Shati la Mistari

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1947, mtoto wa nne wa seremala na mkunga. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ana macho makali, na baba aliyaamini maneno hayo kwa hasara ya watu wengine.

Mwaka 1965 alianza kushona kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, akadumu hapo miaka arobaini na minane. Mwaka 1971 alimwoa mama yetu, mteja aliyeleta gauni lipunguzwe. Vipimo vyake alivishika mara moja. Jina alimuuliza mara tatu.

Hiyo ndiyo kasoro yake: aliishika nguo kuliko mwenye nguo. Juni 1984, mwizi aliyevaa shati la mistari alipora mkoba wa mwalimu mmoja mbele ya kibaraza. Baba akaapa mahakamani kwamba alimwona kwa macho yake mawili: ni kinyozi wa mtaa wa pili. Kinyozi akajitetea kwamba shati lake la mistari liliibiwa kwenye kamba ya kuanikia. Hakuna aliyemsikiliza, akafungwa. Mwezi wa tano wa kifungo, baba akamwona mtu mwingine kituo cha basi amevaa shati lile la kinyozi, alilolishona baba mwenyewe, bega la kushoto limepinda. Alifunga cherehani mchana ule ule, akaenda kwa hakimu.

"Mheshimiwa, mimi niliona shati. Uso niliuweka mwenyewe."

Hakimu akamuuliza kwa nini alidanganya chini ya kiapo.

"Sikudanganya. Niliamini. Ndiyo ubaya wake."

Kinyozi aliachiwa mwanzoni mwa 1985. Tangu hapo baba alikwenda kunyolewa kwake kila Jumamosi, ingawa mama alimsihi asimpelekee shingo mtu aliyemfungisha. Kinyozi alimnyoa bila neno, wembe ukipita kooni polepole mno. Baba alirudi akijipapasa shingo, akisema bado hajasamehewa. Aibu hiyo haikumtoka. Sisi wanawe tunamwonea fahari.

Mwaka 2016 kisukari kilimpunguzia macho. Alisema afadhali, hakuna tena atakayemwita shahidi. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 12 Februari 2019, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na kinyozi, ambaye ameniomba niyasome maneno yake kama alivyoyasema: "Nilimsamehe mwaka wa pili. Sikumwambia, maana angeacha kuja."

Lala kwa amani, Baba.