Nani Alikuwa Anakula?

Kijiwe cha Nyakato kina benchi moja tu, na wanaolikalia wanajulikana kwa majina ya kubandikwa. Nshomile ni mwalimu mstaafu kutoka Bukoba. Kamishna, yaani Mashimba, alilinda geti la kiwanda cha samaki mpaka alipopunguzwa kazi. Sauti ni Antoni, mpiga debe wa stendi ya Buzuruga. Anayewauzia kahawa ni Dorotea, Mama Nestory. Kabla ya kahawa alikaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwanda kikishachukua minofu. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Sasa mabaki yote yanabebwa na kampuni ya krimu ya uso, Nuru ya Nyanza. Asubuhi hiyo Dorotea alikuwa na habari: mkaguzi yuko njiani, anapima kama kampuni hiyo haidhuru watu wala ziwa. Akiridhika, krimu itapewa nembo, na mapanki ndiyo basi tena.

— Wapewe tu, alisema Nshomile, akigeuzageuza kopo la krimu la binti yake. Someni hapa: "Tunageuza taka kuwa urembo." Wanatusafishia ziwa, jamani.

— Mwalimu, acha fiksi, alisema Sauti. Jipake sangara usoni uone paka watakavyokufuata mpaka kanisani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana samaki ana mapezi.

— Methali hiyo imeingiaje hapo?

— Imeshaingia. Kunywa kahawa.

Kamishna alishusha sauti, kama mtu ambaye bado yuko lindoni.

— Nyie hamjui kitu. Krimu ni geresha tu. Mfupa wa sangara unanyonya kila kilicho chini ya ziwa. Wakiusaga, wanajua dhahabu ilipo.

— Basi sisi tulioula tungekuwa migodi, alisema Dorotea.

— Tulioula na nani? alisema Kamishna. Mama Nestory, usinichanganye humo. Kwetu Magu tulikula nyama.

— Mimi mapanki nayasikia tu, alidakia Sauti.

— Na mimi nimekulia ndizi, alisema Nshomile. Ila kila mtu na riziki yake.

Dorotea alimimina kahawa, akiwakumbuka wote watatu enzi za mapanki. Kamishna alikuwa akitoroka getini kufuata kichwa cha sangara, na kila mara alianza na macho. Sauti, mama yake alipougua, alilelewa pembeni ya karai lile lile la kukaangia. Nshomile alimtuma mkewe na beseni, akitaka lifunikwe kwa kanga.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti.

Alikuwa Winnie, yule mkaguzi, begi mgongoni. Hakukaa.

— Kampuni inasema mifupa ya sangara ilikuwa inatupwa tu. Ni kweli?

— Haikutupwa, alisema Dorotea. Ilikuwa chakula. Mama yangu aliikaanga pale ng'ambo ya barabara, na mimi baada yake.

— Kiwandani wameniambia wakaangaji watasema hivyo, kwa sababu wanaitaka biashara yao. Nahitaji kumsikia mlaji, mama. Nani alikuwa anakula?

Dorotea hakumtaja mtu. Aligeuka tu, akawatazama. Nshomile alianza kulisoma kopo upya. Kamishna aliangalia viatu vyake. Sauti, ambaye akiita abiria wa Musoma husikika mpaka Igoma, alikohoa.

— Hamna hata mmoja? Winnie aliuliza kwa upole.

Bodaboda ilipita, vumbi likatua.

— Haya, asanteni.

Alipokwisha kukata kona, Kamishna alinyoosha kikombe.

— Ongeza kidogo, Mama Nestory. Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Binti mdogo anaulizaje watu wazima mambo ya jikoni?

— Imekwisha.

Dorotea alilinyanyua birika kwa mikono miwili, akavuka nalo barabara, akaimwaga kahawa pale lilipokuwa jiko la mama yake. Ilichukua muda kumalizika.