Mtunza Orodha wa Wale Tisa

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili ya utumishi, mtunza kumbukumbu wetu anastaafu. Alijiunga na jarida letu la katuni, Wale Tisa, likiwa na matoleo manane tu, na anaondoka siku linapotoka toleo la 381. Katika muda huo wamepita wahariri wakuu watatu, mitambo minne ya uchapaji na waandishi wanane. Yeye alibaki kwenye meza ileile, karibu na dirisha linalotazama stoo ya karatasi, juu ya kiti alichokataa katakata kibadilishwe.

Wengi mnamwita Mama Yuko-Wapi. Wageni hudhani Yuko-Wapi ni mwanawe wa kwanza. La hasha, ni swali ambalo amelitumia kuwatesa waandishi wote wanane, mimi ninayeandika haya nikiwa wa mwisho wao.

Wale Tisa, kwa wanaofanya kazi idara nyingine na hawajawahi kusoma jarida linalowalisha, ni mashujaa wanaolinda mji mmoja. Mara chache sana wamekuwa tisa. Kila mwandishi anayekabidhiwa kalamu huja na watu wake kichwani. Anafika Jumatatu, anapewa chai, na kabla chai haijapoa ameshaamua nani abaki na nani afungashe virago. Mwandishi wa pili aliwafagia mashujaa wote wa mwandishi wa kwanza. Wa tatu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameoa, aliozesha mashujaa sita ndani ya mwaka mmoja. Wa nne alisomea ufundi wa mitambo, basi kila shujaa akavalishwa injini. Kuna mwaka walifika kumi na wanne, na mchoraji akaja kazini na bandeji kwenye kifundo cha mkono. Chapuchapu, shujaa wa mbio, aliondolewa kwa sababu hiyo tu: mistari ya kasi yake ilimchosha mchoraji.

Mama Yuko-Wapi hakuwa na mamlaka ya kumzuia mwandishi. Alikuwa na daftari. Kila mwandishi mpya alikalishwa mbele ya meza yake na kusomewa orodha ya mashujaa, jina baada ya jina. Kwa kila jina alitakiwa aseme kama anabaki au anaondoka, na akiondoka, anakwenda wapi. Kisha atie saini. Ukimjibu kwamba ameondoka tu, alikuwa anakutazama juu ya miwani mpaka ufikirie vizuri. Ndiyo maana Chapuchapu sasa anafundisha watoto kuogelea, na Radi Ndogo anafuga mbuzi na hataki kusikia habari za umeme. Mambo hayo hayakuchapishwa, lakini kila msomaji aliyeandika barua kuuliza alijibiwa, kwa mwandiko wa Mama mwenyewe. Ni yeye pia aliyegundua kwamba mwandishi wa tatu alikuwa anamwoza mtu aliyekwisha kuzikwa na mwandishi wa pili. Bwana harusi alibadilishwa kurasa zikiwa mlangoni kwenda mtamboni.

Tulimcheka sana. Mimi nilimcheka kuliko wengine, mpaka siku aliponieleza chanzo cha swali lake.

Baba yake alikuwa mchimbaji mgodini. Kila aliyeshuka aliacha kibati chenye namba yake kwa karani wa taa, na akipanda anakichukua. Siku moja zamu zilipobadilishana, karani anayetoka hakumwambia anayeingia kwamba kibati kimoja bado kipo. Mwenzake aliona kibati, akadhani mtu amekisahau, akakitia kwenye droo. Baba yake alikaa chini siku mbili nyuma ya kifusi, hai, akigonga bomba. Alipotolewa alisema giza halikumtisha. Kilichomuuma ni kujua kwamba huko juu hakuna anayeuliza.

Sasa niseme habari ya Bega, maana bila hiyo wasifu huu ni porojo tupu. Bega alikuwa mwanamke mnene mwenye nguvu, mwenye sura ya mtu unayeweza kumwachia mtoto wako. Katika ukurasa wa mwisho wa toleo la 188, handaki linaporomoka, naye analishika paa kwa mabega ili wenzake watoke. Anawaambia, "Tangulieni. Mtarudi kunichukua." Wiki hiyohiyo mwandishi wa nne aligombana na mhariri mkuu, akachukua mkoba wake na kuondoka. Wa tano aliingia na mashujaa wapya, akaanza hadithi mpya kabisa mwezini. Hakuna aliyerudi handakini.

Wiki hiyohiyo Mama Yuko-Wapi hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumzika baba yake. Ndiyo makabidhiano pekee yaliyofanyika bila daftari, na aliporudi toleo la 189 lilikuwa limeshachapwa. Hakumlaumu mtu. Alifungua daftari, na mbele ya jina la Bega akaandika: yuko kazini.

Ameandika hivyo kwa miaka kumi na sita. Mwandishi wa tano alimwambia wasomaji wameshamsahau. Wa sita alisema ni wazi kwamba Bega amekufa, Mama akamjibu, "Nionyeshe ukurasa aliofia, baba, nami nitalifunga jina lake." Wa saba aliahidi, kisha akaenda kuandika matangazo ya sabuni. Mimi nilipoketi mbele yake miaka mitatu iliyopita niliondoa watano, nikaleta wanne wangu. Kuhusu Bega nilisema amepitwa na wakati, na kwamba shujaa anayesimama tu mahali pamoja hana hadithi. Najuta kusema hivyo, na naona aibu kwamba nilisema huku nikicheka. Yeye alifunga daftari polepole, akanipongeza kwa kazi mpya.

Ijumaa iliyopita alifanya makabidhiano yake mwenyewe. Alinikalisha kwenye kile kiti cha wageni kinachoyumba, akanisomea orodha nzima, watu sitini na watatu. Alipofika kwa Bega sauti yake haikubadilika. Alisoma, "Yuko kazini," akanigeuzia daftari. Hakuniomba nimwandike. Alisema tu kwamba kuanzia sasa mwenye kujua kwamba yuko kule ni mimi, kwa hiyo niweke saini.

Nilishika kalamu nikashindwa. Nimeandika vita vya angani na majitu ya vichwa vitatu, lakini nafasi ile ndogo ya saini ilinishinda. Nilimwomba anipe mpaka leo.

Wenzangu mnajua yaliyofuata, kwa kuwa mliyalalamikia. Kurasa mbili za mwisho za toleo hili ziliondolewa mtamboni. Mchoraji, ambaye mkono wake haujawahi kupona sawasawa, alichora upya Jumamosi nzima akinitukana na kusonya. Mwandika herufi, anayejaza maneno ya wahusika, alirudishwa kutoka kwenye sherehe ya dada yake, akaja na viatu vya sherehe. Nawashukuru wote. Toleo lenyewe liko juu ya kila kiti humu ukumbini. Tafadhali fungueni ukurasa wa thelathini na moja.

Bega yuko palepale, paa begani, nywele zimeingia mvi. Anayekuja handakini si shujaa. Ni mama wa makamo mwenye miwani, taa mkononi na daftari kwapani, na nyuma yake mafundi wamebeba nguzo za mbao. Wanazisimamisha moja moja. Yule mama anamgusa mkono na kumwambia, "Tua, mwanangu. Nguzo zimeshika." Bega anauliza kama zamu yake imekwisha. Anajibiwa imekwisha zamani, sisi ndio tuliochelewa.

Mama, asubuhi hii nimeweka saini. Mbele ya jina la Bega nimeandika: amepanda juu, yuko kwa dada yake, analala mpaka jua lichomoze. Kama hupendi hilo la kulala, utalisahihisha.

Kisha nimeongeza jina moja chini ya orodha, la sitini na nne, kwa sababu taratibu ulizotufundisha hazina upendeleo. Ni jina lako. Anabaki au anaondoka: anaondoka. Anakwenda wapi: nyumbani kwake, kwenye nyumba yenye mlango wa kijani nyuma ya shule ya msingi, pamoja na mume wake na wajukuu wawili wasiotulia. Ametumikia miaka thelathini na mmoja. Tunamshukuru, na tunamwombea afya na siku nyingi za raha.

Daftari liko mezani kwako, dirishani. Mwandishi wa tisa atakapokuja, atakalishwa pale na kusomewa majina yote. Akifika kwako atauliza huyu ni nani, na sisi tutamwambia, na tutamwambia uko wapi.