Alama ya Fundi Antipasi

Wasikilizaji wapendwa, habari za huko mliko. Mjini Singida, Mkiwa, hata ninyi wa Iguguno mnaosikiliza kwa betri inayokaribia kuisha. Leo tunamkumbuka fundi Antipasi Mughwai, seremala wa Mwankoko. Ametutoka wiki iliyopita. Na leo mimi Kefa, mtangazaji wenu, sisomi karatasi. Nina la kuungama.

Mwaka 1954, miaka mitano iliyopita, nilipata gitaa la umeme. Spika nilikuwa nayo, nimeitoa kwenye redio mbovu, lakini haikuwa na sanduku, na sauti yake ilikuwa kama ya debe. Nikamwendea Antipasi. "Kaka, nitengenezee sanduku. Ila lionekane la zamani, kama yale ya Wazungu."

Akacheka. "Unataka mtoto azaliwe na mvi?"

Alilitengeneza kwa mninga. Pembe zake za mviringo alizikata kwenye magogo ya mizinga miwili ya nyuki ya marehemu baba yake. Akakwangua kwa kipande cha chupa, akasugua nta. Mbele akatandika kitambaa cha marekani alichokichovya kwenye chai ya rangi. Ungeapa limevuka bahari enzi za Mjerumani.

Mwisho akachukua patasi, akachonga alama ubavuni: mistari mitatu na nukta. Ninyi wenye mizinga mnaelewa. Kila mzinga una alama ya mwenyewe, na usio na alama hauna mwenyewe. Ile ilikuwa alama ya baba yake.

Wasikilizaji wapendwa, alama ile niliifuta. Narudia, niliifuta mimi, kwa msasa, nyumbani kwangu, kabla ya dansi la kwanza. Niliona inanitia ushamba.

Dansi lilipigwa mjini, kwenye ghala la Mzee Mselemu, mwenye jenereta. Sanduku liliunguruma mpaka mabati yakaitikia. Mzee Mselemu akauliza mbele ya watu, "Bwana Kefa, hili umelitoa wapi?"

Nikasema, "Nairobi."

Basi naye akaagiza mawili. Nairobi. Antipasi akabaki anachonga vigoda mpaka mwisho wake.

Miaka mitano nimepiga hodi kwake, nimekunywa togwa yake, na sikusema kitu. Naona aibu mpaka leo. Juzi msibani ndipo nikamwambia mjane wake, Mama Luciana.

"Shemeji, alikuwepo," akasema. "Alisimama mlangoni pa ghala, akakusikia. Aliporudi alisema tu, lile sanduku linalia vizuri. Kisha hakula."

Hakula, wasikilizaji. Mwenyewe alikuwepo, na hakula.

Mama Luciana, watoto, na ukoo wote wa Mughwai, poleni sana. Mungu amlaze fundi wetu mahali pema. Na wewe unayenisikia, tazama kiti ulichokalia. Kama unamjua aliyekitengeneza, mtaje leo, angali na masikio ya kusikia.

Lile sanduku halikutoka Nairobi. Lilitengenezwa Mwankoko, na Antipasi Mughwai. Nimelirudisha kwa wanawe. Mama Luciana alinipa patasi ya marehemu, akaniambia, "Alama irudishe mwenyewe." Nikapiga magoti uani, nikachonga, watu wote wa msiba wakinitazama. Mistari mitatu na nukta.

Mistari yangu imepinda. Antipasi asingeikubali.